Maua ya Jumatatu

Neno "mwizi" halikutamkwa, na hilo ndilo lililomkera Shamsia. Lingetamkwa angelijibu, maana mdomo wake hakuukodi kwa mtu. Lakini Minaz alikuwa analizunguka tu, kama mtu mwenye viatu vyeupe anavyozunguka dimbwi.

"Jumatatu tulipata kilo sita na robo za unga wa protini," Minaz alisema, kidole kikiwa juu ya karatasi. "Jumanne hata kilo moja haikufika. Jumatano hivyo hivyo. Leo Alhamisi, gramu mia nane. Mashine ni ile ile, tangi ni lile lile, lita elfu moja kila siku. Na mwenye ufunguo wa tangi ni wewe, Da Shamsia. Hebu niambie, kilichopungua kimekwenda wapi?"

"Mimi maji ya jibini nimeyajaza mpaka kwenye alama. Elfu moja kamili."

"Elfu moja ya maji ya jibini, au nusu yake maji ya bomba?"

Hapo ndipo Shamsia alipoelewa anaambiwa nini. Akaiangalia mikono yake, iliyokuwa bado imelowa. Miaka kumi na tisa mikono hiyo ilikuwa imeshinda ndani ya maziwa ya baba yake Minaz. Huyu Minaz mwenyewe alipokuwa mdogo, akiletwa kiwandani baada ya shule, Shamsia ndiye aliyekuwa akimkalisha juu ya debe na kumkatia kipande cha panir chenye chumvi ili anyamaze.

"Jumatatu geti la nyuma lilifungwa," Minaz aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, kama anayeomba. "Hakuna aliyechota. Kilo sita. Jumanne likafunguliwa, wanawake wakaja na ndoo zao, unga ukatoweka. Nimempigia fundi aliyetufungia mashine, yuko Nairobi. Ameniambia mashine haina kosa, nitazame watu. Da Shamsia, mimi sitaki polisi. Kesho asubuhi uniletee maelezo. Kama huna, niletee barua ya kuacha kazi, tuagane vizuri."

Tuagane vizuri! Mtu anakuvua nguo halafu anakuuliza kama unasikia baridi.

Kiwanda chenyewe kiko Pasiansi, upande wa kuteremkia ziwani, na mwenyewe ni Mzee Akbarali, baba yake Minaz, aliyekirithi kwa baba yake. Maziwa yanatoka Magu na Misungwi kwa bodaboda, kila moja na madumu yake. Siku tano za wiki wanapika panir, jibini nyeupe ya kupikia, inayoliwa katika nyumba za Wahindi mjini na katika mikahawa yao. Jumatatu peke yake wanatengeneza jibini ngumu ya mahoteli. Lakini iwe panir, iwe jibini, ukitia maziwa ndoo kumi, kinachoganda hakijazi ndoo mbili. Zilizobaki ni maji ya jibini, rangi yake kati ya njano na kijani, ladha yake kama maziwa yaliyokwisha kukusahau.

Zamani maji hayo yalimwagwa mtaroni, na mtaro ulikwenda ziwani. Wanaokumbuka wanakumbuka. Inzi walikaa ukutani kama rangi. Chini kule ufukweni povu lilisimama, na dagaa waliokufa wakaelea kando ya mawe. Bwana afya akaja na barua, akasema akirudi anakuja na kufuli. Mzee Akbarali akashika kichwa. Ni Shamsia, wakati huo ana mwaka wa pili kazini, aliyetoka akawaambia wanawake wa mtaani: njooni na ndoo. Wakaja. Haya ya kunyweshea nguruwe, haya ya kukandia chapati, haya ya kukorogea uji. Wiki tatu hazikwisha, mtaro ukakauka na bwana afya akakosa pa kuweka kufuli lake.

Na Mzee akawa akienda harusini anasifiwa kwamba anagawa sadaka. Sadaka! Wanawake walikuwa wanambebea taka zake kichwani, bila ujira, na asante walitoa wao.

Ndipo Minaz akarudi kutoka masomoni. Msichana ana bidii, hilo Shamsia hakulikataa hata siku ile mbaya. Aliona vijana wa jimu mjini wakinywa unga unaotoka ng'ambo katika makopo makubwa, kopo lina picha ya mwanaume mwenye kifua kama kabati, na akajua unga ule umetoka ndani ya maji haya haya ya kuwapa nguruwe. Akamsumbua baba yake miaka miwili mpaka akakubali mashine iletwe. Siku ilipofungwa alimwita Shamsia wa kwanza, akamshika mkono, akamweleza kila bomba.

"Fikiria chekeche la unga, Da Shamsia. Sasa fikiria matundu yake ni madogo mpaka mdudu wa ugonjwa hapiti. Kwanza tunatoa mafuta yaliyobaki. Halafu tunapasha maji moto kidogo tu, tunayasukuma kwa nguvu ndani ya haya mabomba marefu. Maji yanapita. Chumvi inapita. Sukari ya maziwa inapita. Protini ni kubwa, inakwama, inarudishwa kuzunguka tena na tena, mpaka inakuwa nzito kama uji mwepesi. Uji huo unapanda kwenye mnara, unapulizwa kama ukungu ndani ya hewa ya moto, unaanguka chini ukiwa unga."

"Kumbe tulikuwa tunawapa nguruwe kifua cha kabati," Shamsia alisema, na wote wawili wakacheka mpaka Minaz akafuta machozi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo Alhamisi hakuna aliyecheka.

Shamsia alitoka kwa geti la nyuma. Mlinzi, Malimi, Msukuma wa Magu asiyejua kunyamaza, alimpokea kama kawaida yake.

"Malkia wa maziwa! Mbona leo yamekuchachia usoni?"

"Malimi, niache."

"Basi nimeacha. Lakini huyu hapa hatakuacha."

Huyu hapa alikuwa Rebeka, muuza mboga, amesimama na ndoo yake tupu na kanga iliyokazwa kiunoni. Rebeka ana watoto wanne, na wa mwisho, Alexander, alikuwa ametoka kulazwa wiki mbili zilizopita, miguu kama vijiti vya mwavuli.

"Shamsia, tunaambiwa geti limefungwa mpaka itakapotangazwa. Itatangazwa na nani, redio?"

Shamsia akamweleza. Alikusudia kueleza kidogo, ikatoka yote, na barua ya kuacha kazi ikiwemo. Rebeka alisikiliza huku macho yanazidi kuwa membamba.

"Eti sisi tunachukua mazito, wao wanajaziwa maji ya bomba?"

"Ndivyo anavyosema."

"Jumanne?" Rebeka akageuka kwa Malimi kama anayetafuta hakimu. "Baba, umewahi kuniona mimi nikigombea foleni Jumanne? Jumanne mazito yatoke wapi? Maji ya Jumanne ni ya nguruwe! Mimi ninayegombea ni ya Jumatatu, yenye maua!"

"Jumatatu alinikanyaga huyu," Malimi alithibitisha. "Sio ya wiki hii, ile ya nyuma. Kidole mpaka leo."

Shamsia alibaki amesimama. Jambo lenyewe alikuwa analijua miaka yote, kama unavyojua njia ya kwenu, na kwa sababu hiyo hiyo hakuwahi kulifikiria. Maji ya Jumatatu ukiyaweka jikoni, kabla hayajatokota, yanachanua. Vinapanda vipande vyeupe laini, vinaelea juu, ndivyo wanawake wanavyoviita maua. Unaopoa kwa kitambaa, unatia chumvi, mtoto anakula na ugali. Maji ya panir unaweza kuyachemsha mpaka sufuria iungue. Ua moja hulioni.

Na sababu? Sababu ilikuwa mikononi mwake. Jumatatu maziwa yanapashwa moto kidogo tu, kidole kinavumilia, inatiwa dawa ya kugandisha, basi. Siku za panir yanachemshwa kwanza, yanachemka kweli kweli, ndipo inatiwa siki. Maua yanachanua humo humo ndani ya maziwa, yanaganda na panir, yanakwenda sokoni. Mashine ya Minaz ilikuwa inachuja maji ambayo yalishachujwa na moto.

"Hakuna aliyeiba," Shamsia alisema polepole. "Rebeka, hakuna kitu cha kuiba! Hakimo! Nitamwonyesha kesho kwa sufuria mbili. Madumu mawili ya Jumatatu yako kwenye friji, fundi aliyaacha ya kupima."

Alitegemea Rebeka apige kigelegele. Rebeka akaweka ndoo chini.

"Ukimwonyesha, Jumatatu imetufia."

"Vipi?"

"Leo anajua tunachukua maji. Kesho utamwonyesha kwamba Jumatatu tunachukua unga wake. Atatuachia nguruwe." Akaangalia pembeni. "Lakini wewe usifukuzwe kwa ajili ya uji wa Alexander. Nenda kaonyeshe. Mimi nisingeweza kukwambia ukae kimya."

Hakusema kwa kinyongo. Angesema kwa kinyongo ingekuwa nafuu.

Nyumbani Mirongo, Shamsia alimenya viazi bila kuviona. Aliyekuwa anamwona ni marehemu mama yake, Bi Sihaba, pale Kirumba karibu na soko la samaki la Mwaloni, mbele ya karai la mafuta. Viwanda vya samaki vilikuwa vinachukua minofu ya sangara, inapanda ndege, na wenye ziwa wanaachiwa mapanki: kichwa, mgongo, mkia. Bi Sihaba aliyakaanga mapanki hayo, akawasomesha watoto watatu. Watu walicheka, wengine walitema mate, lakini walikula. Kisha siku moja alikwenda na beseni lake, akaambiwa leo hakuna, yamepata mnunuzi. Kesho yake hakuna. Mabondo nayo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, ambayo zamani yalitupwa, yakawa yanapimwa kwa mizani. Shamsia alikuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyelibeba beseni lile kulirudisha tupu. Alichokikumbuka si njaa. Alikumbuka kwamba mama yake, kwa heshima zake, alimwambia yule wa getini "asante", akaondoka. Hakumwuliza mtu swali hata moja.

Viazi vilipoiva alikuwa ameshajua atakachofanya.

Ijumaa saa mbili asubuhi Minaz alifungua mlango wa chumba cha kupikia, akakuta watu. Shamsia kasimama kwenye jiko la gesi, sufuria mbili juu yake, moto haujawashwa. Nyuma yake Rebeka na wanawake wengine sita, kila mmoja na ndoo yake. Malimi naye yumo, geti kamwachia Mungu. Na kwenye kiti cha plastiki alikaa Mzee Akbarali, fimbo katikati ya magoti, aliyepigiwa simu na Shamsia mwenyewe.

"Baba? Shikamoo. Nani kawaingiza hawa?"

"Marahaba. Mimi hata sijui, mimi nimeambiwa njoo, nimekuja," alisema Mzee. "Miaka kumi na tisa huyu mama hajanipigia simu. Nikasema leo ama kiwanda kinaungua, ama anaolewa."

Wanawake wakacheka. Minaz hakucheka.

"Umesema nilete maelezo," Shamsia alisema. "Nimeleta. Yako humu ndani ya sufuria. Mzee, unga umepotelea wapi ninajua, na nikiwasha jiko hili, robo saa haiishi na nyinyi mtajua. Mtajua pia namna ya kuupata. Mashine yenu itafanya kazi. Lakini kabla sijawasha, nina neno."

"Unatuuzia?" Minaz aliuliza, amepigwa na butwaa.

"Mwanangu, mimi jina langu umelishika tangu jana, hukulinunua, umelichukua bure. Ngoja nimalize. Mzee, unaukumbuka mtaro?"

Mzee Akbarali alisogeza fimbo. "Mtaro gani?"

"Wa inzi. Na barua ya bwana afya, na kufuli."

Mzee akaguna, kama mtu aliyekanyagwa mahali panapouma. "Nakumbuka."

"Waliokutoa ni hawa. Miaka kumi na saba wanabeba. Sio sadaka, Mzee. Usiwaambie tena watu harusini kwamba ni sadaka. Ungewalipa watu kubeba, ungefunga kiwanda. Maji yalipokuwa taka yalikuwa yetu. Leo yamekuwa mali, mnataka tuwaachie, na juu yake tuitwe wezi. Mama yangu walimfanyia hivyo na mapanki, akasema asante. Mimi sina asante hiyo. Nataka Jumatatu, kabla koki ya mashine haijafunguliwa, ndoo ishirini zitoke kwanza. Zikishatoka hizo, chujeni mpaka na ukuta."

"Ishirini!" Minaz aliruka. "Lita mia nne? Hiyo karibu nusu ya tangi!"

"Ndoo zetu ndogo," alisema Rebeka haraka.

"Ndoo zenu nazijua, Mama Alexander, zina ukubwa wa pipa!"

"Tano," alisema Mzee Akbarali.

"Mzee, foleni ina watu kumi na wanne. Watano wanywe, tisa wawaangalie?"

Wakavutana. Haikuwa vita, ilikuwa soko; Mzee alikuwa amezaliwa dukani na Rebeka alikuwa anauza mchicha, walielewana vizuri kuliko wote. Ikaishia ndoo kumi, za lita kumi, siyo pipa. Rebeka akashikilia kwamba ni kumi za kujaa, siyo kumi za kupunguzwa mdomoni. Mzee akainua mkono. "Basi! Kumi za kujaa. Nimesema mbele ya watu. Washa jiko, mama, moyo wangu mdogo."

Shamsia akawasha. Sufuria ya kushoto ilikuwa na maji ya panir ya jana, ya kulia ya dumu la Jumatatu kutoka friji. Akamtaka Minaz mwenyewe ashike mwiko, ili asije akasema kuna mkono wa mtu.

Mvuke ulianza kushoto. Maji yakapata joto, yakatetemeka, yakatokota, yakabaki maji. Minaz alikoroga, akainua mwiko: mweupe? Hapana, umelowa tu.

Kulia, kabla hayajatokota, yalitia ukungu. Kisha katikati ya sufuria kikapanda kipande kimoja cheupe, laini, kama pamba. Kikafuatwa na kingine. Mara sufuria nzima ikafunikwa.

"Yamechanua," alisema mmoja wa wanawake kwa sauti ya chini, ingawa alikuwa ameyaona mara mia.

Minaz hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa amesoma, na alichosoma kilimrudia chote kwa wakati mmoja. Ilionekana usoni, mstari baada ya mstari. Alimgeukia Shamsia, mwiko unadondosha maji kwenye viatu vyake vyeupe.

"Panir tunachemsha kwanza," alisema. "Protini imeshaganda, imeshakwenda na panir. Nimepitisha maji matupu kwenye mashine siku tatu." Akaiangalia sufuria ya kushoto. "Nimeandika mtihani juu ya jambo hili, Da Shamsia. Mtihani mzima. Nikapata alama nzuri."

Hakuna aliyemcheka. Alikuwa anaonekana kama yule mtoto wa juu ya debe.

"Mtihani hauna harufu," Shamsia alisema. "Sufuria inayo."

"Nisamehe. Nilikuita..."

"Hukuniita. Niite sasa kwa jina langu, wasikie."

"Shamsia. Da Shamsia. Hukuiba kitu. Hakuna aliyeiba." Akawageukia wanawake na ndoo zao. "Na nyinyi, nisameheni."

"Sisi tumesamehe, ila hayo yanapoa," alisema Rebeka, na kijiko kilikuwa kimeshatoka sijui wapi.

Jumatatu iliyofuata Shamsia alifika mapema na kopo la rangi nyekundu. Kwenye bomba la kioo la pembeni ya tangi, lile linaloonyesha maji yamefika wapi, alipiga mstari chini ya alama ya elfu moja, kwa umbali wa lita mia. Juu ya mstari ni ya geti. Chini ya mstari ni ya mashine. Aliacha rangi ikauke kabla ya kufungua koki, na alipoifungua alisimama pale pale mpaka ndoo ya kumi ikajaa. Malimi alihesabu kwa Kisukuma, kwa sauti, kuwakera waliochelewa. Kumi na wanne walipata, kila mmoja kidogo kuliko alivyozoea, na wawili walinung'unika mpaka njiani.

Unga ulitoka kilo tano na nusu. Minaz aliubeba kwenye mfuko angavu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akampelekea Shamsia aushike.

"Nimefikiria kitu," alisema. "Nikipunguza panir, nikaweka jibini ya mahoteli Alhamisi pia, nitakuwa na siku mbili za unga. Unaonaje?"

"Ni vizuri."

"Na Alhamisi, kwa kuwa ni siku mpya, haikuwa kwenye makubaliano..."

Shamsia alimrudishia mfuko. Kopo la rangi lilikuwa bado dirishani, brashi ndani yake. Alilisogeza karibu na tangi, akaenda kunawa mikono.

Minaz alilitazama kopo. Akalitazama tangi.

"Haya," alisema. "Haya, Da Shamsia. Kumi."

"Za kujaa," Shamsia alijibu kutoka kwenye bomba.